Riwaya nilizomaliza mwaka huu, na akina baba walionikera ndani yake

BintiKambi (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Mwaka huu nilijiwekea ahadi: kila mwisho wa mwezi nikipanda teksi ya Busia kwenda kumwona mzee, simu inaingia mkobani, kitabu kinatoka. Ukijumlisha foleni ya Mukono na dereva anayesimama Namawojjolo abiria wanunue kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, dirishani, safari inakupa saa tano nzima za kusoma. Tatizo ni mafuta ya kuku tu. Vitabu vyangu vyote vina alama za vidole kuanzia ukurasa wa arobaini hivi.

Mimi si mhakiki. Nauza vitenge. Kwa hiyo anayetafuta "dhamira na maudhui" aende kwa walimu, hapa ni maoni ya msomaji aliyelipa kwa hela yake.

Nianze na Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi. Najua nimechelewa, mswada wake ulishinda shindano la wachapishaji wa Kenya, Kwani?, mwaka 2013 na kitabu kikatoka Nairobi mwaka uliofuata. Nilikuwa nakikwepa kwa sababu kila aliyekisoma alikuwa ananitazama kwa huruma. Mimi ni Msamia, nikadhani ni mambo ya Waganda na koo zao. Kinaanza Bwaise mwaka 2004: kijana Kamu anafuatwa kwake asubuhi na watu wa LC, yaani viongozi wa mtaa, njiani mtu mmoja anatamka "mwizi", basi, kwisha habari yake. Aliyewahi kusimama pembeni ya umati wa namna hiyo Kampala atajua kwamba pale mwandishi hakuongeza chumvi. Halafu kitabu kinakurudisha hadi 1750. Kintu Kidda, mtawala wa jimbo la Buddu, anavuka nyika ya Lwera na watu wake kwenda kumtambua Kabaka mpya wa Buganda, Kyabaggu. Yumo Kalema, kijana aliyemlea kama mwanawe, ingawa baba mzazi ni mgeni kutoka Rwanda anayeitwa Ntwire. Kalema kwa utoto wake anakidaka kibuyu cha mzee. Anapigwa kofi. Kofi moja, la adabu, lile ambalo sisi sote tumelila. Anaanguka na hainuki tena.

Nilifunga kitabu. Tulikuwa katikati ya msitu wa Mabira, jirani yangu wa kiti akaniuliza kama nataka mfuko wa kutapikia.

Lakini kilichonimaliza si kofi. Ni kwamba Kintu anarudi nyumbani, mkewe Nnakato ndiye aliyemlea huyo mtoto, na mzee hasemi. Anakula, analala, anaamka, hasemi. Laana yenyewe inatamkwa na Ntwire, lakini mimi naona ilishaingia nyumbani siku ile Kintu alipokaa kwenye mkeka na kunyamaza. Vizazi vyote vinavyofuata vinalipia kimya kile.

Kasoro zipo. Sehemu ya Kanani na walokole wake niliisoma kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Na ukoo unapokusanyika mwishoni, majina ni mengi kama orodha ya michango ya harusi. Isaac Newton Kintu, yule anayeogopa majibu ya kipimo cha Ukimwi, ningempa kitabu chake peke yake.

The First Woman, ya mwandishi huyohuyo (2020), niseme haraka: sehemu inayorudi nyuma kwenye usichana wa Nsuuta na Alikisa inazidi kitabu kizima kilichobaki. Mambo ya bweni yalinichosha. Ila nilijifunza neno kweluma, wanawake kugeukiana na kung'atana wenyewe kwa wenyewe, na nikalitumia sokoni wiki hiyohiyo.

Waiting ya Goretti Kyomuhendo (2007) ni kembamba, nilikimaliza kabla ya Iganga. Ni 1979, utawala wa Amin unaporomoka, familia inalala migombani usiku kwa kuogopa askari wanaokimbia. Hakuna anayepiga kelele ndani ya kitabu kile. Wanasubiri tu, na wewe unasubiri nao, mpaka shingo inauma.

Sasa Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Hapa najua nitapigwa mawe. Kiswahili chake ni kitamu, sibishi, kuna sentensi niliziandika nyuma ya risiti. Lakini Maksuudi! Mwanamume anayefungia mke na binti ndani, mnafiki nje, katili ndani, hana hata dakika moja ya kusita. Mkewe Bi Tamima anashikwa na uchungu, mkunga anaingizwa bila ruhusa yake, na yeye anawaka moto. Mimi baba wa namna hiyo simwamini. Si kwamba hawapo. Simwamini kwa sababu hanishtui, kila akifungua mlango najua atafanya nini. Kintu alinishtua kwa kofi moja kwa sababu alikuwa mtu mwema dakika moja kabla.

Nilichoanza sasa ni Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994) aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022. Hiyo nitawaletea baadaye, maana imenifanyia kitu ambacho sijakielewa bado. Karibuni.

Kadogo256

Banange! Mtu anauza vitenge anasoma hivi, mimi mwenye digrii kitabu cha mwisho nilichosoma ni cha maelekezo ya jokofu.

MzeeWaBombo

Binti yangu, hongera. Nimefurahi kuona mtu anajadili riwaya kwa Kiswahili hapa kwetu bila kuulizwa kama alikuwa jeshini. Sisi huku Bombo tunakiongea pamoja na Kinubi tangu mababu, lakini ukikiongea mjini, watu bado wanaangalia kama una bunduki.

Kuhusu Maksuudi sikubaliani nawe. Kitabu kile ni cha 1980. Wakati huo mwandishi kumvua nguo mheshimiwa mbele ya watu, akaonyesha kwamba anayehutubia jukwaani ni yuleyule anayefungia binti yake chumbani, lilikuwa jambo la ujasiri. Usimpime kwa mizani ya leo. Halafu Maimuna, huyo binti, umemruka kabisa. Kitabu ni chake.

BintiKambi

Shikamoo mzee wangu. La Maimuna umenikamata, kweli nimemruka. Nadhani baba yake alinikera hadi nikamsahau mtoto.

NipoJinja

Umesahau kitabu cha Moses Isegawa, Abyssinian Chronicles. Kilitoka kwanza kwa Kiholanzi mwaka 1998, jamaa alikuwa ameshahamia Uholanzi. Kule anayefunga ni mama, na jina lake ni Padlock, yaani Kufuli! Baba anaitwa Serenity na anamezwa na mamba sentensi ya kwanza kabisa. Mtoto wao Mugezi anamkomoa mama kwa kuiba bobini ya cherehani. Nilicheka hadi mke wangu akaja kuangalia.

BintiKambi

NipoJinja, niliwahi kukianza nikakiachia njiani. Msimulizi anaongea kama kondakta, hapumui. Lakini bobini naikumbuka! Hapo ndipo ninaposema: mama wa kutisha simkumbuki viboko vyake, namkumbuka anavyoitafuta bobini. Kitu kidogo hivyo, na nyumba nzima inasimama.

MwalimuTororo

Salamu kwenu. Nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo mimi ndiye yule wa dhamira na maudhui. Dada, naomba kuuliza. Kwenye Utengano, wewe ulielewa kwa nini mkunga Farashuu ana chuki na Maksuudi?

BintiKambi

Mwalimu, kwa kweli hapana. Nilishangaa yule bibi ana hasira za nini. Nikadhani ndiyo tabia yake.

MwalimuTororo

Basi nakala yako ina kasoro. Farashuu alikuja na kisasi. Maksuudi aliwahi kumwoa binti yake, Mwanasururu, akamfilisi. Hiyo habari imo kitabuni, haikufichwa. Hebu hesabu kurasa zako.

BintiKambi

Nimerudi. Wadau, aibu. Nakala yangu niliinunua mpakani kwa mtu anayetandaza vitabu chini, bei ikanifurahisha nikajiona mjanja. Nimehesabu sasa hivi kwa tochi ya simu: kurasa kumi na sita hazimo, zimeruka kimyakimya katikati, na zilizobaki ni fotokopi iliyobandikwa gundi. Nimemhukumu mtu bila kusikiliza ushahidi wote.

Kadogo256

Kesi imefutwa. Mshitakiwa Maksuudi yuko huru.

MzeeWaBombo

Hahaha! Sasa unaona. Lakini usijilaumu, kosa si lako peke yako. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Vizuri sana. Nenda sasa dukani Kampala uulizie riwaya ya Kiswahili. Watakuletea kamusi. Ukisisitiza, watakuletea kitabu cha mazoezi cha Senior One. Ukisisitiza tena, wanakuuliza kama wewe ni Mkenya.

MwalimuTororo

Mzee umesema. Mimi Utengano yangu nimeinunua Nairobi na wanafunzi wananipangia foleni. Dada, nitakupigia picha zile kurasa, usome kwanza halafu tuendelee kugombana.

MamaWatatu

Nilikuwa nasoma tu bila kuandika, lakini hili la baba asiyeaminika limenigusa. Dada BintiKambi, mimi nimelelewa Kawempe. Baba yangu akitoka asubuhi alikuwa anachora mstari mlangoni kwa kisigino, kwenye vumbi, akirudi anaangalia kama kuna mguu uliovuka. Mama alijifunza kuuchora upya. Alikuwa na kiatu kimoja kikuukuu cha baba, alikificha chini ya gunia la mkaa, kwa ajili ya kazi hiyo tu, kwa sababu kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje na mstari ulipaswa kufanana. Kwa hiyo ukisema Maksuudi hayupo, mimi nakwambia alikuwa anakula ugali nyumbani kwetu.

BintiKambi

Dada yangu. Nimesoma mara tatu. Pole, na pole kwa mama.

Sikusema hayupo, nilisema kitabu hakikunifanya nimwone. Mstari wako na kile kiatu, ningevikuta kwenye riwaya ningeamini kila neno, na ningemwogopa huyo mzee kuliko Maksuudi mara kumi, ingawa hakuna aliyepigwa. Lakini nakubali pia kwamba huenda mimi nimesoma vibaya, na si kwa sababu ya kurasa tu. Mtu ambaye hajafungiwa anasoma kufuli kama chuma. Wewe unaisoma vingine.

Mwalimu, kurasa nimezipata, asante. Nimezisoma kibandani leo mchana, wateja wawili wameondoka. Nakubali sasa Farashuu ni mtu kamili, na ile siku ya mkunga ni nzito kuliko nilivyoisoma, kwa sababu anayeingia kusaidia uzazi ameingia pia na moto wake mfukoni. Maksuudi mwenyewe nampandisha kidogo. Kidogo. Anabaki pale alipo, lakini sasa najua anaogopa nini.

MwalimuTororo

Napokea. Kidogo kidogo hujaza kibaba.

NipoJinja

Na Peponi? Ulisema imekufanyia kitu.

BintiKambi

Nimeahirisha kwa sababu si habari ya kitabu peke yake.

Kwa ambao hawajasoma: Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili, baba yake ana hoteli ndogo kwenye mji wa reli, zama za Wajerumani. Anakuja mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye Yusuf amezoea kumwita kama ndugu wa baba na kupewa sarafu. Siku moja anaambiwa atasafiri naye. Anafurahi, anapanda treni. Akifika pwani anawekwa dukani na kijana mwingine, Khalil, ndiye anayemfungulia macho: huyu si ndugu yako, baba yako anadaiwa, na wewe uko hapa kwa sababu ya deni. Amewekwa rehani. Baba mwenyewe hakusema. Alimwacha mtoto apande treni akidhani ni matembezi.

Nilijiambia, huyu ni Kintu mwingine. Baba mwingine aliyenyamaza. Nikawa nimepata cha kuwaandikia hapa, nikafurahi, mnajua mtu akiona vitabu viwili vinaongea.

Sasa mzee wangu. Alikuwa dereva wa polisi. Sisi tumekulia kambini, watoto wote uwanjani tuliongea Kiswahili, nyumbani Kisamia. Baba Kiswahili alikitumia kwa amri tu. Simama. Funga mlango. Lala. Mpaka leo mtu akinisemesha Kiswahili ghafla nyuma yangu nanyoosha mgongo. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, anasubiri kupasuliwa, na mchana hana la kufanya zaidi ya redio. Mwezi uliopita redio iliishiwa betri na mimi niko barazani nasoma. Akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia kitabu cha Kiswahili. Akasema, soma kwa sauti.

Nikasoma. Mwanzoni alikuwa ananisahihisha matamshi, kama kawaida yake. Tukafika pale Khalil anapomweleza Yusuf kuhusu deni. Mzee akasema, ngoja. Akakaa. Kuku walikuwa wanadonoa mahindi chini ya kiti chake, akawafukuza kwa fimbo, wakarudi, hakuwafukuza tena.

Akaniambia, kwa Kiswahili, si kwa Kisamia, kwamba alipokuwa kijana wa umri wa Yusuf, babu alinunua baiskeli ya mkopo kwa mwenye duka mmoja Tororo. Pamba ya mwaka ule haikulipa. Babu akamchukua kwa baiskeli hiyohiyo, yeye amekaa kwenye keria, akamwambia wanakwenda kumsalimia rafiki. Wakafika dukani, akapewa soda, babu akasema anakwenda kutazama ng'ombe mara moja. Alikaa pale miaka miwili, akichota maji na kufungua duka alfajiri. Siku aliporudi nyumbani, baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefutwa inang'aa, na hakuna aliyesema neno.

Mimi nina miaka arobaini na moja. Sijawahi kusikia habari hiyo. Mama yangu amekufa bila kuisikia.

Nikamuuliza alikasirika? Akasema hapana, hakujua kama ni kitu cha kukasirikia, kwa sababu hakikuwa na jina. Alidhani alikwenda kukaa kwa watu tu. Kisha akaniambia nirudie lile neno. Nikasema, rehani. Akalitamka mwenyewe mara mbili, polepole, kama anavyosoma namba ya gari. Akasema, "Endelea."

MamaWatatu

Sina la kusema. Nimekaa hapa.

MzeeWaBombo

Mfikishie salamu zangu. Mwambie kuna mwenzake Bombo, naye alichota maji.

Kadogo256

Mimi nilikuja kutania, sasa najifuta machozi kwenye teksi ya Ntinda na kondakta ananidai nauli.

NipoJinja

Je, ulibadilisha mawazo kuhusu baba wa Yusuf? Maana ulikuwa umeshamweka kikapu kimoja na Kintu.

BintiKambi

Swali zuri na linaniumiza kichwa. Kintu bado namlaumu, kwa sababu kile alichokificha Nnakato alikuwa na haki ya kukijua. Baba wa Yusuf sijui. Kitabu hakimpi nafasi ya kujitetea, anabaki kule nyuma kwenye mji wake wa reli na sisi tunaondoka na treni. Kabla ya siku ile ningeandika kwamba huo ni udhaifu, kwamba mwandishi angetuonyesha usiku mmoja wa yule baba baada ya treni kuondoka. Sasa naona ingekuwa kosa. Yusuf hakuuona usiku huo. Mzee wangu pia hakuuona usiku wa babu. Aliiona baiskeli tu.

Katikati ya kitabu, msafara unapoingia bara, nilichoka kidogo, mizigo na hongo na homa, kila kijiji balaa jipya. Mzee ndiyo sehemu aliyoipenda. Mohammed Abdalla, mnyapara wa msafara, anamfurahisha sana, anasema aliwahi kuwa na mkubwa wa kazi kama yule, anayetembea kama anaikanyaga nchi nzima. Mwisho sitausema kwa ambao hawajafika, ila wapo askari, na mzee aliposikia wanakuja alivua kofia.

MwalimuTororo

Dada, naomba kukiazima ukimaliza. Kidato cha nne wangu wanakihitaji kuliko mtihani. Nitakifunika karatasi, nakuapia, na kuku sitakula.

BintiKambi

Mwalimu, ningekupa leo. Lakini nilikiacha Busia, na jana nimempigia mzee simu nimwambie kuna mwalimu Tororo anakitaka. Amekiweka kwenye sanduku la bati lenye karatasi zake za pensheni, na ufunguo anatembea nao shingoni.